Bendera ya nyekundu, nyeusi na kijani: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Bendera hii ya Pan-Afrika, yaani ya watu weusi popote walipo, ina mistari mitatu tu: nyekundu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Haina nyota, haina ngao, haina maandishi. Ungedhani hakuna kiwanda kinachoweza kuikosea, lakini zinazouzwa mtandaoni zinakosewa kila namna. Zipo zenye mistari isiyolingana, zipo zenye kijani juu, zipo zenye nyekundu inayogeuka pinki kabla msimu haujaisha, na nyingi mno zina nyeusi ambayo si nyeusi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoudhi kuliko zote. Mstari wa katikati ndio wenye bendera, na ndio huo viwanda vinaoubania wino.

Tathmini hii ni ya ukubwa wa sentimita 90 kwa 150, yaani futi 3 kwa 5 za Kimarekani, ambao ndio unaopatikana kwa urahisi. Zimeangaliwa aina tatu: poliesta iliyochapwa, nailoni iliyoshonwa vipande vitatu, na poliesta nzito ya nje. Pamba imeguswa kidogo tu, kwa sababu zitakazoonekana.

Kwanza, jua unachonunua

Mwaka 1900 kulikuwa na wimbo wa kejeli uliovuma Marekani, ukiwasimanga watu weusi kwamba kila watu wana bendera yao isipokuwa wao. Dhihaka hiyo haikusahaulika. Marcus Garvey alianzisha chama cha Universal Negro Improvement Association, UNIA kwa kifupi, kwao Jamaika mwaka 1914, akahamia New York mwaka 1916, na chama kikashamiri Harlem, mtaa wa watu weusi mjini humo. Agosti 1920 UNIA ikafanya mkutano mkuu wa mwezi mzima mjini New York, na tarehe 13 ya mwezi huo wajumbe wakapitisha Tamko la Haki za Watu Weusi wa Dunia, lenye ibara 54. Ibara ya 39 ndiyo cheti cha kuzaliwa cha bendera hii. Inasema nyekundu, nyeusi na kijani ziwe rangi za watu weusi, basi. Haitaji uwiano wa upana na urefu, haitaji nyekundu iwe ya damu ya mzee au ya nyanya, haitaji kijani kiwe cha mgomba au cha chupa.

Hilo lina faida moja kwa mnunuzi. Muuzaji akikwambia yake ina "rangi rasmi" zenye namba maalumu, na kwamba ndiyo sababu ya bei kuwa juu, namba hizo amejitungia. Chagua kwa jicho. Kisichobadilika ni rangi tatu na mpangilio wake.

Maana nayo ina chanzo cha kushika mkononi. Katekisimu ya UNIA ya mwaka 1921, iliyoandikwa na George Alexander McGuire, kasisi mkuu wa chama, inaeleza kwamba nyekundu ni damu ambayo watu hawana budi kuimwaga kwa ajili ya ukombozi na uhuru wao, nyeusi ni rangi ya watu wenyewe na heshima yao, na kijani ni uoto wa nchi ya asili, Afrika. Miaka hiyohiyo kuna mwandishi aliyemhoji Garvey akanukuu maelezo tofauti kabisa: nyekundu kwa kuwaunga mkono wanamapinduzi wa dunia, kijani kwa kuwaunga mkono Waayalandi waliokuwa wakipigania uhuru wao, nyeusi kwa watu weusi. Angalia kwamba katika maelezo yote mawili nyeusi haibadiliki. Nyekundu na kijani zimefasiriwa huku na kule. Nyeusi ni watu, toka mwanzo.

Kikaratasi kinachokuja ndani ya mfuko wa bendera mara nyingi huandika kwamba kijani ni "utajiri" au "amani", na wengine huongeza dhahabu ambayo haimo hata kwenye kitambaa. Kitupe.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la pembeni linalochekesha kidogo. Kwenye Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966 na inayoadhimishwa Marekani kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari, kitambaa hiki huitwa "bendera", hivyohivyo, na hukaa karibu na mkeka na kinara. Sisi wenyewe neno hilo tulilichukua kwa Wareno. Karenga huzitaja rangi kwa mpangilio wake: nyeusi kwa watu, nyekundu kwa mapambano, kijani kwa matumaini ya kesho. Mishumaa saba hufuata hesabu hiyo, mweusi mmoja katikati, miekundu mitatu, ya kijani mitatu. Kama unanunua kwa ajili ya meza ya Kwanzaa, ya sentimita 30 kwa 45 inatosha. Ya 90 kwa 150 itafunika chakula.

Zisizo zenyewe

Ukiandika tu rangi tatu kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa familia nzima ya bendera. Andika UNIA. Hata hivyo angalia picha vizuri kabla ya kulipa.

Ya kuogopa zaidi ni ya Biafra, eneo lililojitenga na Naijeria miaka ya 1967 hadi 1970, kwa kuwa ina rangi hizihizi kwa mpangilio huuhuu, nyekundu, nyeusi, kijani, ila katikati pana jua la njano linalochomoza. Picha ndogo ya simu hulificha jua hilo, na ukiipeperusha mbele ya Wanaijeria umeshasema jambo ambalo hukukusudia. Libya nayo ina nyekundu, nyeusi na kijani, lakini nyeusi yake ni pana maradufu na ina mwezi na nyota. Malawi ina nyeusi juu, isipokuwa kati ya mwaka 2010 na 2012 walipoupindua mpangilio ukawa nyekundu, nyeusi, kijani na jua jeupe katikati. Bendera za kipindi kile bado zinaonekana kwenye mauzo ya bidhaa zilizobaki ghalani. Kenya haina haja ya kuelezwa hapa: nyeusi iko juu, mistari myembamba meupe, ngao na mikuki. Undugu wa rangi upo, na watu wa pande mbili walikutana. Kwenye Kongamano la Pan-Afrika la Manchester mwaka 1945, ambako Jomo Kenyatta alihudhuria, kikao cha kwanza kiliongozwa na Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey.

Kijani, njano na nyekundu ni ukoo mwingine, wa Ethiopia, ambao Ghana iliufuata mwaka 1957 na Marastafari wanaushika. Ni bendera ya heshima, lakini siyo hii. Ile ya nyekundu na buluu yenye nyota nyeupe katikati ni ya Juneteenth, sikukuu ya Marekani ya kukumbuka mwisho wa utumwa; bendera yake ni ya mwaka 1997. Na ile iliyoshonwa kwa umbo la bendera ya Marekani, mistari ya nyekundu na nyeusi na nyota nyeusi juu ya kijani, ni kazi ya sanaa ya David Hammons ya mwaka 1990. Nakala zake nyingi madukani zina nyota zilizokosewa hesabu. Zihesabu, ziwe 50.

Poliesta iliyochapwa

Hii ndiyo ya bei ya chini, kwa kawaida haifiki dola 15, na ndiyo iliyojaa maandamanoni. Kitambaa cheupe chembamba cha gramu 75 hadi 110 kwa mita ya mraba huchapwa rangi upande mmoja, kisha hukunjwa pindo na kutiwa pete mbili za kupitishia kamba. Kwa kitu cha kubeba mkononi siku moja, haina ubaya.

Tatizo ni wino. Nyekundu na kijani hupenya kitambaa bila taabu, na upande wa nyuma ukapungua kidogo tu. Nyeusi inataka wino mwingi zaidi, na hapo ndipo kiwanda kinapobana matumizi. Matokeo yake, mbele ni nyeusi, nyuma ni kijivu cha majivu ya mkaa. Ishike bendera mbele ya dirisha mchana. Ukiona fremu ya dirisha kupitia mstari wa katikati, wino ni haba, na baada ya wiki chache juani utakuwa na nyekundu, kahawia na kijani. Halafu angalia karibu kabisa na pindo: sindano inapotoboa kitambaa kilichochapwa huusukuma wino pembeni, ikaacha nukta nyeupe mfululizo juu ya nyeusi, kama chumvi iliyomwagika. Ukiongeza uzi mweupe uliopitishwa mistari yote mitatu bila kubadilishwa, kazi imeharibika ukiwa mita mbili mbali.

Lingine ni pindo lenyewe. Bendera ya kimo cha sentimita 90 inatakiwa kuwa na mistari ya sentimita 30 kila mmoja. Viwanda vingi huchapa mistari sawa kisha hukunja pindo la juu na la chini bila kuacha akiba, kwa hiyo nyekundu na kijani hupoteza sentimita moja na nusu kila moja na kubaki 28.5, nyeusi ikibaki 30. Kipimo cha rula kitakwambia mara moja. Wengine hawajali, lakini bendera yenye mistari mitatu tu, ikikosa usawa, jicho linajua kuna kitu.

Usilipie zaidi kwa bendera iliyotangazwa kuwa ya "pande mbili". Huo ni ujanja wa bendera zenye maandishi, ambazo nyuma husomeka kinyume. Mistari mitatu haisomeki kinyume. Utapewa vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na cha tatu kati yao, zigo zito lisilopepea mpaka upepo mkali uje.

Alama 5 kati ya 10. Kwa ukumbini, 6.

Nailoni iliyoshonwa

Hapa mambo yanabadilika. Vipande vitatu vya nailoni ya denia 200 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), kila kimoja kimetiwa rangi kitambaa kizima kikiwa kiwandani, vinaunganishwa kwa cherehani. Nyeusi ni nyeusi mbele, nyeusi nyuma, nyeusi ndani ya uzi. Bei ni mara tatu hadi tano ya ile iliyochapwa, na kwa bendera ya kukaa nje ya nyumba ndiyo tunayoipendekeza. Ni nyepesi, hupepea hata upepo ukiwa wa kunong'ona, na ikilowa mvua hukauka haraka, jambo linaloongeza umri wake kwa sababu kitambaa kilicholowa huvuta mishono kwa uzito.

Zipo nzuri na zipo za kudanganyia. Geuza bendera uangalie mshono kati ya nyekundu na nyeusi. Mzuri ni ule wa suruali ya jinzi: kingo zimekunjwa ndani ya nyingine na kupigwa nyuzi mbili, huoni uzi hata mmoja uliochomoka. Mbaya ni wa mstari mmoja wenye kingo zilizoachwa wazi, ambao hufumuka kuanzia pembeni. Halafu angalia mkunjo umelazwa upande gani. Fundi anayejua kazi huulaza juu ya nyeusi. Ukilazwa upande wa nyekundu, jua likipiga kutoka nyuma utaona kivuli cheusi cha upana wa kidole kikipita ndani ya nyekundu, na hakuna pasi itakayokiondoa.

Nailoni inateleza chini ya sindano, kwa hiyo uzi ukikazwa mno mshono hujikunja kama ukingo wa chapati. Ilaze mezani: ikikataa kulala, irudishe. Uzi uwe wa poliesta; wa pamba huoza juani kabla ya kitambaa.

Udhaifu wake ni jua. Nyekundu ndiyo hutangulia, inaelekea rangi ya chungwa, kijani hufuata, nyeusi iliyotiwa vizuri huhimili kuliko zote. Ukiishusha usiku na siku za dhoruba, itadumu muda mrefu zaidi kuliko ya jirani anayeiacha juu mwaka mzima. Alama 8.

Poliesta nzito

Hii ni ya nyuzi zilizosokotwa mbilimbili, ukiigusa inakwaruza kama gunia jipya. Imetengenezwa kwa ajili ya upepo wa kudumu: kando ya ziwa, ufukweni, juu ya jengo refu. Rangi zake hazing'ai kama za nailoni, na kwenye baraza tulivu itaning'inia tu kama taulo. Kama unaishi penye upepo wa kila siku na una mlingoti wa kweli, nunua. Kama sivyo, unalipia nguvu ambayo hutaitumia. Alama 7 penye upepo, 4 penye shwari.

Pamba ni ya ukutani pekee. Inapendeza kwenye picha, inaota ukungu nje, na nyeusi yake huchuja. Vibendera vya mkononi vya watoto havina la kusema, ila hakikisha ncha ya kijiti ina kifuniko.

Majaribio ya dakika kumi ikifika

Kabla ya kukata lebo, lowesha kitambaa cheupe, kisugue kwa nguvu mara ishirini juu ya nyeusi karibu na nyekundu. Kikitoka na weusi, bendera itachuja siku ya mvua ya kwanza, na weusi utateremka kwenye kijani. Kisha pima mistari. Kisha chukua sumaku ndogo uisogeze kwenye pete: shaba haishikwi na sumaku, kwa hiyo pete ikinasa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kitapata kutu na kuchirizisha uchafu wa kahawia kwenye ukanda mweupe. Mwisho vuta kona mbili za upande unaopepea, ile ya juu na ile ya chini. Hapo pindo linatakiwa liwe na mistari minne ya uzi, au angalau kiraka cha pembe tatu. Wahenga wamesema bendera hufuata upepo. Ukweli ni kwamba upepo huohuo huitafuna, na huanzia konani.

Kumpa fundi

Penye cherehani nzuri, kushonesha kunashinda kuagiza. Chukua mita 1.6 ya kila rangi, kitambaa cha upana wa sentimita 150. Kata kwa urefu, siyo kwa upana, upate vipande vya sentimita 157. Nyekundu na kijani zikatwe kimo cha 34.5: 30 za kuonekana, 1.5 ya kuungia, 3 za pindo la kukunja mara mbili. Nyeusi ikatwe 33, kwa kuwa inaungwa juu na chini na haina pindo. Zile sentimita 7 za ziada kwenye urefu ni za pindo la kupepea na za kuingia ndani ya ukanda wa turubai upande wa mlingoti. Kitambaa hicho kinatoa bendera nne, kwa hiyo tafuta wenzako watatu mchangiane.

Mwambie fundi waziwazi abadilishe uzi kwenye kila rangi, na mkunjo wote aulaze kwenye nyeusi. Asipoambiwa atatumia uzi uliopo kwenye mashine.

Kuipandisha na kuitunza

Nyekundu huwa juu. Ukiitundika kusimama ukutani, nyekundu ikae kushoto kwa anayetazama. Wengi huizungusha vibaya kwa sababu pete zinaonekana kama zinafaa pande zote. Ya 90 kwa 150 inataka mlingoti wa mita 6 hivi, au fimbo ya mita 1.5 hadi 1.8 iliyoegemezwa ukutani kwa mshazari. Fimbo iwe na pete zinazozunguka, la sivyo itajiviringisha na kukaa hivyo wiki nzima.

Kuifua, maji yasizidi nyuzijoto 30, peke yake, bila dawa ya kung'arisha. Usiikunje ikiwa mbichi, nyeusi itapiga muhuri juu ya nyekundu. Anika kivulini. Pasi iwe ya moto mdogo na kitambaa juu yake, nailoni huyeyuka.

Upande unaopepea ukianza kuchomoka nyuzi, usingoje. Shusha, kata sentimita 5 pamoja na pindo jipya, shona mistari minne, rudisha juu. Hilo unaweza kulifanya mara tatu: 150 inakuwa 135, na 90 kwa 135 ni uwiano wa 2 kwa 3, uleule wa bendera ya Ghana na ya Kenya. Hakuna atakayejua imekatwa.